Saa Nne Kwenye Chemchemi ya Yalokola

Ninyi vijana mnaoanza kazi, mkija kwangu mnaniuliza kitu kimoja tu: "Tonton Rama, kereng'ende tutamwona wapi?" Hakuna anayeniuliza saa ngapi. Mnafikiri mahali ndiyo kila kitu, kwa sababu simu zenu zinawaonyesha mahali. Bon. Mimi nilitembea kwenye vinamasi vya hifadhi yetu, upande wa barabara ya Bafwasende, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka siku waliponiambia muzee, nenda ukapumzike. Ninawaambia: ukifika mahali penyewe kwa saa isiyo yake, utaona majani na maji basi. Utarudi mjini ukisema hifadhi iko tupu. Na kuna maji mamoja yamekufa kabisa kwa sababu ya neno hilo, saa, na aliyeliandika ni mimi. Nitafika huko. Sina haraka ya kufika huko.

Tuanze na macho. Kereng'ende mkubwa akikaa, mabawa yake yanabaki wazi, pande mbili, ndiyo maana batoto wa Kisangani wanamwita avion, ndege ya chuma. Yule mwembamba, mwenye mwili kama uzi, akikaa anafunga mabawa yake juu ya mgongo. Huyo Wafaransa wanamwita demoiselle, yaani binti asiyeolewa. Neno hilo nusura livunje ndoa yangu.

Nilikuwa na wiki moja kazini. Kwenye karatasi niliitwa agent de terrain, kwa kweli nilikuwa mtu wa kushika wavu na kuandika daftari. Mwalimu wa chuo aliyetuongoza, Mungu amrehemu, alipita mtaani kwetu Kabondo, hakunikuta, akaacha ujumbe kwa jirani: "Mwambieni Ramazani asichelewe kesho, tunaenda mtoni kutafuta demoiselles." Jirani akaufikisha kwa mke wangu, neno kwa neno, wala hakuongeza chumvi. Mama Asha akalala mapema usiku ule. Asubuhi nikamkuta amevaa viatu, amefunga kitambaa kichwani.

"Twende bote," akasema. "Na miye nataka kubaona, hao bademoiselle."

Alitembea na sisi kutwa nzima kwenye matope, hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Tulipompata mmoja, wa bluu, amekaa kwenye jani la mwanzi, nilimwonyesha kwa kidole. Akainama, akatazama sana.

"Njo huyu?"

"Njo huyu."

"Huyu hata kupika pondu hawezi." Akageuka akaanza safari ya nyumbani. Mpaka leo wazee wa Kabondo wakinikuta njiani wananiuliza habari za wachumba wangu.

Chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka zamani. Siku hizi nikikumbuka vile vinamasi ninakumbuka zaidi vilivyokwisha.

Mwalimu alinifundisha majina, lakini maji nilifundishwa na Papa Bolamba. Huyu alikuwa mvuvi, mtu wa familia za mto za kule Yanonge, aliyehamia pembeni ya hifadhi yetu, akajenga nyumba kwenye chemchemi inayoitwa Yalokola. Hakujua kusoma. Alikuwa akitega migono kwenye kijito kinachotoka pale, na ndani ya migono pamoja na samaki alikuwa akitoa wadudu wa kahawia wenye taya kali. Alikuwa akiwarudisha majini mmoja mmoja. Mwalimu alipomweleza kwamba wale ndio watoto wa kereng'ende, kwamba kereng'ende anaishi utoto wake wote chini ya maji kabla ya kupanda jani na kupasuka na kuruka, Papa Bolamba alimtazama kwa huruma.

"Professeur, ile unasema njo kitu nilijuaka tangu nilikuwa mutoto. Miye nilizania weye unakuya kuniambia kitu ingine."

Donc sikilizeni yale ya Papa Bolamba, kwa sababu hayako kwenye simu.

Kivuli chako kisikutangulie majini. Kereng'ende haogopi sura yako, anaogopa giza linalotembea juu yake. Kama jua liko mgongoni, zunguka, ingia kwa upande. Nguo nyeupe acha nyumbani, hata kama ndiyo nzuri kwenye picha. Usimkimbilie anayeruka. Dume ana kijiti chake, atazunguka atarudi palepale, na wewe simama karibu na kijiti, unyamaze, hesabu pumzi zako. Mimi nilichukua mwaka mzima kuelewa hilo. Mwaka huo nilimkimbiza mmoja kwenye mawe ya Wagenia, wakati maji yamepungua na mawe yako nje, maana kuna jamii inayopenda maji ya nguvu na haikai kwingine. Niliruka na wavu wangu, jiwe likateleza, nikaingia mtoni karibu na mitego mikubwa ya wavuvi. Waliponivuta nje wakanishika kwanza kama mwizi wa samaki. Nikawaambia nilikuwa namfukuza avion. Wee! Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wavu sikuupata tena, na daftari la miezi mitatu lilikwenda na maji mpaka Isangi bila mimi.

Asubuhi na mapema hawaruki. Wamelowa umande, wamening'inia chini ya majani, na ukiwa na subira utawaona kwa karibu kuliko saa yoyote, lakini inabidi uwatafute jani kwa jani, magoti kwenye matope. Jua likishika maji ndipo wanaamka. Wembamba wa msituni wao wanataka ule mwanga mdogo unaopenya katikati ya miti, ukihama na wao wanahama. Mchana mkali sana wengi wanajificha. Magaribi wanatoka wengine, wakubwa wa kahawia, wanapita chini chini kwenye njia za msitu wakila mbu, na usipokuwa mwangalifu utafikiri ni popo. Mvua ikinyesha, kaa nyumbani. Mvua ikikatika na jua likatoka palepale, kimbia.

Na angalieni maji yenyewe. Pale mama zetu wanapoloweka mihogo, maji yakianza kunuka, wale wembamba wa maji safi wanahama. Anabaki mwekundu mnene, yule mnayempiga picha kila siku mkafikiri mmepata kitu. Huyo anakaa hata kwenye bomba la choo. Ukimwona yeye peke yake, usifurahi.

Halafu tafuteni ganda. Mdogo akitoka majini anapanda jani, anapasuka mgongo, anaruka, ngozi yake ya zamani inabaki imeshika jani kwa kucha. Anayeruka anaweza kuwa mpita njia. Ganda linakuambia huyu alizaliwa hapa. Zamani sisi tuliwaua, tuliwaweka kwenye bahasha za karatasi, bahasha kwenye sanduku, na panya wa ofisi wakala sanduku. Nimeua wengi sana kwa faida ya panya. Ninyi mnapiga picha tu, na kwa hilo ninawasifu, ingawa hamsikii mara nyingi sifa kutoka kwangu.

Bon. Yalokola.

Ilikuwa chemchemi ndogo chini ya miti mikubwa, mchanga mweupe chini, maji baridi mpaka mifupa inauma. Pale ndipo alipokuwa akiishi mwembamba mmoja mweusi mwenye rangi ya machungwa kwenye ncha ya mkia. Tulimtafuta kwenye vijito vyote vya hifadhi, mwalimu na Papa Bolamba na mimi, hatukumpata kwingine. Alikuwa akitoka jua likiingia kwenye tundu la miti juu ya chemchemi. Ilianza saa nne, na saa saba kasoro kidogo tayari ilikuwa kivuli na hakuna kitu.

Mwalimu alipokufa, tulibaki wawili. Na hapo ndipo ikaja habari kwamba mipaka ya hifadhi itachorwa upya. Yalokola ilikuwa pembeni kabisa, na kulikuwa na watu waliokuwa wanautaka mchanga ule mweupe kwa kujengea. Tume ya mipaka ikasema: tuonyesheni kitu kinachofanya maji haya yabaki ndani. Tukikiona kwa macho yetu, yanabaki. Kama hakuna, mstari unapita huku, maji yanabaki nje. Ni hivyo tu, hawakuficha. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya maisha. Kwa Papa Bolamba ilikuwa kazi ya kuvua na kuongoza wageni, nyumba, maji ya kunywa na kaburi la mke wake wa kwanza lililokuwa hatua chache tu kutoka pale.

Ofisi yetu iliandika barua ndefu ya Kifaransa. Lakini siku na saa tulitakiwa kupanga sisi wa uwanjani, na mimi Kifaransa changu cha kuandika kina aibu. Nikachukua kikaratasi, nikaandika kwa Kiswahili changu: "Waheshimiwa, karibuni Jumatano, saa nne, kwenye daraja la miti. Mtamwona kwa macho yenu." Nikatia sahihi. Homa ilikuwa imenishika, natetemeka, nikampa Papa Bolamba akipeleke mjini. Akapanda toleka, akakaa nyuma ya ile baiskeli mpaka ofisi ya tume, akarudi jioni.

"Nimefikisha," akasema. "Balinipokea vizuri."

Jumatano alikuwa amefyeka njia yote, toka darajani mpaka chemchemi. Alikuwa ameweka magogo mapya kwenye tope ili wakubwa wasilowe viatu. Alivaa shati lake la kanisani. Binti yake alikuwa amepika lituma, ile ndizi ya kuponda, na samaki kwa ajili ya wageni, amefunika kwa majani. Jua likaingia kwenye tundu la miti kama kawaida, na wakatoka. Sijawahi kuwaona wengi vile. Madume walikuwa wanafukuzana juu ya mchanga, na kwenye mashina ya majani maganda yalikuwa yamepangana. Papa Bolamba aliketi kwenye gogo, mikono kwenye magoti, anatabasamu peke yake.

"Leo, Rama, leo hata kipofu ataona."

Hatukusikia gari. Saa tano hatukusikia gari. Saa sita Papa akatembea mpaka barabarani, akarudi. Nikasema wakubwa ndivyo walivyo, wanachelewa. Saa saba kivuli kikafunika maji. Saa nane mawingu yakaja kutoka upande wa mto, ikapiga mvua ile ya Kisangani mnayoijua, inayoangusha majani makubwa, na maganda yote yakaoshwa, yakaenda na kijito. Tulijibanza chini ya paa la Papa.

Mvua ilipopungua, gari likafika. Wanne. Mkubwa wao, kijana wa mjini hapahapa, akashuka na mwavuli, akatazama saa yake ya mkono, akafurahi kabisa.

"Saa ine juste! Munaona? Batu banasema sisi ba serikali hatujuaka kufika ku saa."

Nikatazama ile saa yake, mshale ulikuwa kwenye nne. Ninyi mliozaliwa hapa labda hamjaelewa, basi nieleze. Wazazi wangu walitoka Kasongo, kule Maniema. Nyumbani kwetu saa zinahesabiwa tangu jua linapotoka: saa moja ni jua limetoka, saa nne ni jua linapanda, ile Mfaransa anaita dix heures, kumi ya mshale. Nilikulia na hesabu hiyo, ninaota kwa hesabu hiyo. Watu wa ofisi za Kisangani wanasoma mshale. Kwao saa nne ni quatre heures, na quatre heures ya kutembelea watu ni ya mchana, kwetu saa kumi, siyo ya alfajiri. Nilikuwa nimeishi mji huu miaka yote, nalijua hilo, nimekosana na watu sokoni kwa ajili ya hilo na tukacheka. Na siku ile moja sikuandika neno asubuhi.

"Alors, papa, iko wapi?" mkubwa akauliza.

Papa Bolamba aliingia majini. Na lile shati la kanisani, mtu wa umri ule, maji baridi mpaka kifuani, akaanza kufunua majani kwa mikono, jani kwa jani, akiinama, akipuliza. "Ilikuwa hapa," anasema. "Ilikuwa hapa, mingi, mungeona asubuhi." Aliwatafuta chini ya majani ambako huwa wanalala, lakini mvua ilikuwa imewatawanya juu mitini. Mmoja wa wale wanne akaanza kutazama simu yake.

"Asubuhi?" mkubwa akasema. "Karatasi inasema saa ine. Tumefika saa ine. Nani alipana ile saa?"

Nilifungua mdomo. Ninaapa nilifungua mdomo. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama chef wangu, mkuu wa ofisi yetu, aliyekuja katika gari hilohilo, ananitazama, na mimi nilikuwa na kazi, na watoto, na woga. Papa Bolamba akajibu toka majini.

"Njo miye," akasema. "Secrétaire aliniuliza kule ku bureau: saa ine ya mchana, nyuma ya midi? Nikamwambia ndiyo. Sijuwe kusoma, nilisikia haya kumwambia. Nilisema ndiyo. Kosa iko yangu."

Mimi nilikuwa natazama buti zangu. Zilikuwa zimejaa tope, ninazikumbuka vizuri kuliko uso wa mtu yeyote aliyekuwapo siku ile.

Nilijaribu kitu kimoja: niliwaomba warudi kesho yake, asubuhi. Mkubwa alisema kesho wanakwenda upande wa Yahuma, programu imekwisha pangwa. Nikamwambia kwamba niliyaona maganda kwa macho yangu. Akasema andika. Nikaandika, na sijui ile karatasi ilikwenda wapi. Lituma hawakula, walisema wamechelewa.

Mstari ulipita huku. Malori yakaingia. Ukienda Yalokola leo utakuta mashimo, maji ya njano yaliyosimama, na yule mwekundu mnene anakaa juu ya vijiti kama mwenye mji. Nimekwenda mara nyingi kwa saa yake, jua likipanda, nikakaa mpaka saa saba. Sasa hata tundu la miti halipo, kwa sababu miti haipo, na jua liko kila mahali.

Papa Bolamba hakuitwa tena kuongoza mtu. Hilo sikulipanga, lakini sikulizuia. Watu wa pale waliopoteza maji yao ya kunywa walisema ni yule muzee asiyejua kusoma aliyeharibu mambo, na wanawe mwenyewe walisema hivyo, mezani, yeye akiwa anasikia. Nilikuwa nikimtembelea. Tulikuwa tunaongea habari za samaki. Mara ngapi nilifika mlangoni na lile neno liko tayari mdomoni: Papa, hata ungejua kusoma, ungesoma saa nne. Ni mimi. Nilikuwa nalimeza, nakunywa chai, narudi. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo lilivyozidi kuwa kubwa, mpaka halikuweza kupita tena mdomoni.

Ninyi mtakuwa na daftari, mtakuwa na wageni, mtapanga siku na saa. Andikeni saa, halafu andikeni na jua liko wapi. Andikeni asubuhi. Andikeni hata kama mnaona ni ujinga. Na ukikosea, sema palepale, maji yakiwa bado yanakutiririka, kwa sababu kesho yake ni vigumu mara mbili, na mwaka ukipita hutaweza. Hilo ndilo nililojifunza kwenye kazi hii. Mengine yote mtayajua wenyewe kwa kutembea.

Mwisho Papa Bolamba alikaa kwa binti yake, Lubunga, ng'ambo ya mto. Nilivuka kwa pirogi nilipoambiwa hali yake siyo nzuri. Alikuwa amekonda, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Binti yake, yuleyule aliyewapikia wageni, alituletea kiti akasimama mlangoni. Papa Bolamba aliniambia nisogee.

"Rama, iko kitu sijakuambiaka. Ile mayi ya Yalokola. Kazi yako yote, na ya professeur, njo miye niliiharibu. Kwa haya tu. Nilikuwa nangoja uniulize, hukuniulizaka hata siku moja, weye uko mutu muzuri. Naomba unisamehe."

Binti yake alikuwa anasikiliza. Mkono wa Papa ulikuwa mkononi mwangu, mwepesi kabisa. Chumbani mle kulikuwa na nafasi, na wakati, na hakuna chef aliyekuwa ananitazama.

Nikamwambia: "Nimekusamehe, papa."